Bonanza la siku moja kijijini: timu 8, uwanja mmoja, na kuvuta kamba. Muda utatosha?

MwenyekitiKamati

Habari zenu wakuu. Kamati ya vijana imekabidhiwa kuandaa bonanza la siku moja litakalokutanisha vijiji jirani. Timu 8 za mpira wa miguu zimethibitisha. Uwanja ni mmoja, wa nyasi, mita 100 kwa 64, una mashimo kiasi. Tunataka pia kuvuta kamba na mbio za magunia ili wasiocheza mpira wasikae kutazama tu. Umeme haujafika eneo hilo.

Tumepanga kuanza saa 3 asubuhi na saa 11 jioni watu waondoke, kwa kuwa wengine wanarudi kwa miguu na hatutaki giza liwakute njiani. Naomba kujua mambo matatu: tutumie mtoano au makundi, kamba ya namna gani inafaa, na ni nini huharibu siku kama hizi mara nyingi? Nawashukuru mapema.

Mpanga_Ratiba

Mkuu, kinachoharibu ni muda, hasa dakika zinazopotea kati ya mechi na mechi. Tuanze na hesabu.

Mtoano wa timu 8 una mechi 7 tu, na unaisha mapema. Lakini timu 4 zinatolewa baada ya mechi moja, na iliyotembea kilomita kadhaa ikatolewa saa 4 asubuhi haitakaa hadi jioni. Ikiondoka, inaondoka na mashabiki wake. Kwa bonanza la kijamii mimi nasema makundi: makundi 2 ya timu 4, kila timu ina uhakika wa mechi 3. Hapo una mechi 12 za makundi, nusu fainali 2 na fainali 1, jumla 15.

Sasa angalia. Kwenye uwanja mmoja, mechi ya dakika 20 kila kipindi, mapumziko 5 na dakika 10 za kubadilishana timu, ni dakika 55. Zidisha kwa 15 upate dakika 825, yaani saa 13 na dakika 45. Wewe una saa 8. Haiwezekani, hata ukipunguza hotuba.

Njia ni kuukata uwanja kwa upana upate viwanja viwili vya wachezaji 7 kila upande. Mita 100 za urefu zinakupa viwanja viwili vyenye upana wa mita 45, na mita 10 katikati zinabaki tupu. Zile mita 64 zinakuwa urefu wa kila kiwanja. Mechi iwe vipindi viwili vya dakika 12, mapumziko 3, kubadilishana 5. Jumla dakika 32. Mechi 12 kwenye viwanja viwili ni raundi 6, yaani dakika 192. Ukianza saa 3 kamili, makundi yanaisha saa 6 na dakika 12.

Raundi zipishane: ya kwanza Kundi A lote, ya pili Kundi B lote, ya tatu A, na kuendelea hivyo. Kila timu inapumzika raundi nzima kabla ya kurudi. Faida nyingine ni kwamba mechi mbili za mwisho za kila kundi zinachezwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna timu inayoingia uwanjani ikijua matokeo gani yanawafaa wote wawili. Hilo si jambo dogo. Kombe la Dunia la 1982, Ujerumani Magharibi na Austria walicheza wakijua kuwa ushindi mwembamba wa Wajerumani unawapeleka wote mbele. Ikaisha 1-0 na Algeria ikatoka. Kuanzia 1986 mechi za mwisho za kundi zikawa zinachezwa kwa wakati mmoja.

Saa iwe moja tu, mezani kwa mtunza muda, na honi moja ianzishe na kumaliza mechi zote mbili. Waamuzi wasishike saa zao. Timu ikichelewa, honi inalia vilevile na dakika ni zao zinazopotea. Ikifika dakika ya 5 haijatimiza wachezaji 5, imepoteza 3-0. Andikeni hilo kwenye karatasi na kila nahodha asaini siku kadhaa kabla. Karatasi hiyohiyo itaje mpangilio wa kutenganisha timu zenye pointi sawa: tofauti ya mabao, mabao ya kufunga, matokeo yao wenyewe kwa wenyewe, kisha kura. Ugomvi mwingi wa mabonanza unatokea hapa, pale kamati inapotunga kanuni timu zikiwa tayari zimelingana.

Saa 6:15 hadi saa 8:30 ni chakula, magunia na kamba. Nusu fainali zote mbili saa 8:45, vipindi vya dakika 15. Fainali saa 10. Saa 10:45 zawadi. Unabakiwa na robo saa mkononi, usiitangazie mtu.

Mchora_Mistari

Naunga mkono kuukata uwanja. Niongezee upande wa ardhi.

Mashimo yajazwe wiki mbili au tatu kabla. Udongo uliojazwa jana yake unadidimia mguu ukikanyaga, na kifundo kinateguka vibaya kuliko kwenye shimo linaloonekana. Jaza kwa tabaka za sentimita 10, mwagia maji, shindilia, kisha tabaka lingine. Asubuhi ya siku yenyewe wapange watu 15 hivi mstari mmoja, mkono kwa mkono, watembee uwanja mzima wakiokota mawe, vigae, miiba na chupa. Robo saa inatosha.

Pembe za uwanja zisipimwe kwa jicho. Kwenye kona pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Umbali kati ya ncha hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, pembe ni mraba. Ukimaliza, pima kutoka kona hadi kona ya mkabala: kwa mita 64 kwa 45 unapaswa kupata mita 78.2 pande zote mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu mita, rudi kwenye pembe.

Mistari ichorwe kwa unga mweupe wa mawe ya chokaa ambayo hayajachomwa, au vumbi la mbao. Tafadhali sana msitumie chokaa ya ujenzi. Isiyozimwa inachemka ikikutana na maji, na hata iliyozimwa inaunguza ngozi yenye jasho na inaweza kupofua jicho. Mchezaji anayeteleza juu ya mstari anapata vyote viwili, jasho na vumbi usoni.

Magoli ya wachezaji 7 yawe mita 5 kwa 2. Nguzo ikatwe mita 2.7, sentimita 70 ziingie ardhini, zishindiliwe kwa mawe na udongo. Mtambaa panya ufungwe kwa bolti au misumari iliyopita hadi upande wa pili na kukunjwa, usiegeshwe tu. Kama ni magoli ya chuma ya kuhamishika, yafungwe kwa vigingi au yawekewe mifuko ya mchanga juu ya bomba la nyuma. Goli lisiloshikiliwa likiangukia mtoto anayening'inia linaua, na limeshaua sehemu nyingi duniani. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo: hakuna kuning'inia golini, hata wakati wa chakula.

Kamba ya kuzuia watazamaji iwe mita 3 kutoka mstari wa pembeni. Mipira iwe saizi 5, angalau minne. Kabla ya kuingiza sindano ya pampu ilowesheni mate au maji. Sindano kavu inachana valvu, na mpira unaanza kupoteza upepo taratibu bila ninyi kujua sababu.

NyumaYaKamba

Nazungumzia kamba peke yake, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote.

Kanuni za kimataifa zinataka timu ya watu 8, kamba isiyo na fundo wala kitanzi, urefu usiopungua mita 33.5 na mzunguko wa milimita 100 hadi 125. Ukigeuza kuwa unene ni takriban milimita 32 hadi 40. Nyembamba zaidi ya hapo inakata viganja na watu wanaanza kujizungushia mkononi, jambo la hatari kupita yote. Ya manila au katani ndiyo nzuri.

Funga utepe mwekundu katikati ya kamba, na utepe mweupe mita 4 kila upande. Chora mstari mmoja chini, utepe mwekundu ukae juu yake. Mshindi ni timu itakayovuta utepe mweupe wa wapinzani hadi uvuke mstari huo. Mivuto mitatu, anayepata miwili ameshinda. Kati ya mvuto na mvuto wape dakika 3 wapumue.

Mwamuzi atoe amri hatua kwa hatua: shika, kaza, tulia, vuta. Pale pa "kaza" kamba iwe imenyooka na utepe mwekundu upo juu ya mstari. Mkiruka hatua hii timu moja inaanza kabla ya nyingine, na hapo hamna mashindano tena.

Viganja vyote vitazame juu, kamba ipite kati ya mwili na mkono wa juu. Wa mwisho, ile nanga, anaipitisha chini ya kwapa, mgongoni kimshazari, juu ya bega la pili, na mkia unaachwa huru. Asijifunge kiunoni. Pete na saa zivuliwe, viatu vya njumu visiruhusiwe. Kuachia kamba ghafla ili wapinzani waanguke ni kosa la kutolewa, litangazeni mapema.

MwenyekitiKamati

Nimejifunza mengi, asanteni. @NyumaYaKamba, tunayo kamba ya nailoni ya kufungia mizigo ya lori, ni ngumu sana na ina urefu wa mita 40. Na tulifikiri vijiji vyote vivute pamoja, watu 50 kila upande. Inafaa?

NyumaYaKamba

Hapana mkuu, kwa yote mawili.

Nailoni inavutika kama mpira kabla ya kukatika, na nguvu yote iliyohifadhiwa humo inarudi kwa mpigo. Ncha iliyokatika inaruka kama mjeledi kuelekea kwa watu. Kamba ya mzigo imetengenezwa kushikilia kitu kilichotulia, haikukusudiwa mitikisiko ya watu wanaovuta kwa pamoja. Nguvu inaongezeka na idadi ya wavutaji, kamba inabaki ileile. Taipei mwaka 1997, tukio la watu zaidi ya 1,500, kamba ilikatika na wanaume wawili wakang'olewa mkono kila mmoja. Bakini na 8 kwa 8. Mkitaka wengi washiriki, ongezeni idadi ya timu: wanawake, wazee, vijana, mchanganyiko. Kila pambano halizidi dakika 10, kwa hiyo ndani ya saa moja wamepita watu zaidi ya 90.

Magunia: yafike kiunoni, mwendo wa mita 25, njia ya upana wa mita 1.5 kwa kila mtu, kwenye nyasi tu. Baada ya mstari wa mwisho acheni mita 10 wazi, watu huangukia hapo.

Fundi_Spika

Umeme haupo, basi jenereta ya kVA 2 au 3 inatosha amplifaya moja na spika mbili. Weka akiba ya mafuta ya lita moja kwa kila saa. Ikae mita 20 au zaidi kutoka kwa watu, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali, na isiwekwe ndani ya hema wala banda kamwe, moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua bila kukuonya. Kuongeza mafuta ni lazima izimwe na ipoe kwanza, kwa hiyo ipangieni dakika zake wakati wa chakula.

Waya ulioviringishwa kwenye roli ufunguliwe wote hata kama unahitaji mita 15 tu. Ukibaki umejiviringisha unapata joto na plastiki inayeyuka.

Spika zipandishwe juu ya vichwa, mita 2.5 hivi, na mshereheshaji akae nyuma yake. Akitembea mbele ya spika na maiki, ndipo ule mluzi unapoanza, na dawa yake ya kwanza ni aondoke hapo. Pia muwe na kipaza sauti cha mkononi cha betri, kwa mtunza muda. Jenereta ikizima ratiba isizime nayo.

MwenyekitiKamati

Swali la mwisho: mvua ikinyesha?

Mpanga_Ratiba

Mvua ya kawaida chezeni. Radi ndiyo inayosimamisha. Ukiona mwanga, hesabu: ngurumo ikifika ndani ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, honi ilie na wote waondoke uwanjani, wasijikinge chini ya mti wala kushika nguzo za magoli. Mnarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya.

Kwa kuwa kusimama mara moja tu kunakula nusu saa, andaeni ratiba ya pili tangu sasa. Mkipoteza hadi dakika 40, nusu fainali ziwe vipindi vya dakika 10 na magunia yafutwe. Mkipoteza zaidi ya saa moja, futeni nusu fainali, washindi wa makundi waingie fainali moja kwa moja. Nakala ya ratiba hiyo wapeni manahodha pamoja na ile karatasi ya kusaini.