Corolla ya 1996: nikipiga stata hulia mara moja kisha kimya

Mwenye Corolla
Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1996, ya petroli na gia za mkono, ambayo nikigeuza ufunguo hulia "ta!" mara moja, kisha kimya, ilhali taa za dashibodi hazififii hata kidogo. Nikirudia mara kadhaa huwaka ghafla kana kwamba haikuwa na tatizo lolote. Fundi alinishauri ninunue betri mpya, nikanunua, na hali iko vilevile. Nianzie wapi kabla sijatoa fedha nyingine?

Babu Spana
Pole sana. Betri ikichoka, taa hufifia na stata hulia "ta-ta-ta-ta" mfululizo, kwa hiyo naona betri yako ilisingiziwa. Hata hivyo, fungua vichwa vya betri, visugue mpaka ving'ae, kisha fuata waya wa ethi, yaani ule wa hasi ya betri, hadi unapofungwa kwenye gia boksi, kwani kutu mahali hapo huweza kuinyima stata umeme wake mwingi huku taa zikiwaka vizuri.

Umeme wa Magari
Naafiki, ila mita ya kupimia volti itakuondolea kubahatisha. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, kisha zitazame boliti mbili nene za stata: moja hupokea waya wa betri, nyingine hupeleka umeme ndani ya mota. Mwenzako akigeuza ufunguo na mlio ukasikika, pima kila moja dhidi ya bodi ya injini. Ya kwanza ikishuka sana, kasoro iko kwenye nyaya au ethi. Ikibaki karibu volti 12 na ya pili ikasoma sifuri, vipande vya shaba ndani ya solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, vimelika. Vipande hivyo huuzwa peke yake, kwa hiyo usikubali kuuziwa stata nzima kabla hii haijafunguliwa.

Mwenye Corolla
Ahsanteni. Boliti ya kwanza imesoma volti 12.3, ya pili sifuri. Stata imefunguliwa, na kipande cha upande wa betri kimelika upande mmoja na kuwa cheusi, ilhali mwenzake bado ni mnene. Fundi anataka kubadilisha hicho kimoja tu.

Umeme wa Magari
Abadilishe vyote viwili, kwa sababu visipolingana kimo, kisahani cha shaba kinachoviunganisha kitagusa kimoja na kukikosa kingine, na mlio utarudi. Kisahani chenyewe kisafishwe, na kwa kuwa stata iko mezani, kaboni zake, zinazopitisha umeme hadi sehemu ya mota inayozunguka, pia zitazamwe urefu.