Wachezaji ngoma wa Bagamoyo: tuombe nini, na kwa nani?

Njuga za Dunda ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu. Ninafundisha ngoma katika kikundi cha watu 14 hapa Bagamoyo. Tamasha likikaribia tunatafutwa. Likipita, kila mmoja anarudi kwenye bodaboda, samaki au saluni yake, na ngoma zinabaki chumbani kwangu, ngozi zikilegea kwa unyevu wa bahari. Mwaka huu tulipeleka barua katika ofisi moja tukiomba "kusaidiwa kuendeleza utamaduni". Tulijibiwa kwa adabu kwamba imepokelewa, na habari ikaishia hapo. Mji huu una chuo cha sanaa tangu 1981, lakini sisi wa mitaani tunachezea uani, juu ya saruji iliyopasuka, na wenzetu wawili wameshaumia magoti. Tufanyeje ili vikundi vya hapa viwe na sauti moja, na tuombe nini hasa?

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Barua yenu naifahamu hata bila kuisoma, kwa sababu nimeandika nyingi za namna hiyo. Anayeipokea hajui aanzie wapi, basi anaiweka kwenye jalada. Ombeni kitu kinachoshikika: ukumbi wa umma ulio karibu nanyi, Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, nanyi mtafagia na kutunza funguo. Ombi kama hilo mtu anaweza kulikubali bila kutafuta shilingi.

Mkitaka fedha, tazameni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na bajeti ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo, kwa hiyo barua ya mwezi Mei inakuta vikao vimekwisha. Anzeni kwenye mkutano wa mtaa, mwende kata, na diwani mumwalike mazoezini kabla ya kumwomba lolote. Akae jamvini, aone goti lililofungwa kitambaa. Kama bado hamjasajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, anzeni na hilo, maana mtaulizwa.

Mweka Hazina, Tanga:

Naungana na mwalimu, ila mimi ningetanguliza daftari. Kikundi chetu kilivunjika mara mbili, na mara zote mbili sababu ilikuwa posho. Tulialikwa harusini, manju, yaani kiongozi wa ngoma, akapokea fedha, wachezaji wakapewa nauli tu, na asubuhi yake wapigaji wawili walikuwa wameshaanzisha kikundi chao. Siku hizi fedha inahesabiwa mbele ya wote usiku uleule, na kabla ya mtu yeyote kupewa chake tunatoa fungu la ngozi na mavazi.

Baada ya kutulia ndani ndipo tulipowatafuta wenzetu wa vikundi vingine viwili. Hoteli moja ilikuwa ikitupambanisha: ukitaja bei, inampigia simu mwingine. Tukakaa chini, tukakubaliana kima ambacho hakuna atakayeshuka chini yake. Ilichukua vikao vinne na maneno mengi makali, lakini umoja wetu ulizaliwa hapo, wala hatukuwa na jina wakati huo.

Tahadhari moja. Mtaambiwa habari za asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo hazina riba, lakini ni mkopo na hurejeshwa. Zinafaa kununua mavazi na spika za kukodisha. Msizichukue kufundishia watoto, kwa sababu kazi hiyo haitazirudisha.

Mpiga Chapuo:

Mbona hakuna aliyewataja majirani? Sisi tulikuwa na usajili, tulikuwa na daftari, na tulifukuzwa uwanjani kwa sababu ya mgonjwa wa nyumba ya pili na wazazi waliochoka kuona mabinti wao wakirudi usiku. Sasa tunamaliza kabla ya magharibi, mama mmoja wa mtaa hukaa nasi mpaka mwisho, na Ramadhani tunasimama kabisa. Tulipokwenda kwa mwenyekiti wa mtaa mara ya pili, akina mama wa mabinti wale ndio waliozungumza, sisi tulikaa kimya.

Njuga za Dunda:

Ahsanteni sana. Daftari nimenunua leo, na Jumapili nitakutana na vikundi viwili vya hapa kuhusu bei. Mwalimu, ukumbi ulio karibu nasi una sakafu ya vigae. Vinafaa kwa ngoma ya sindimba?

Mwalimu Mstaafu:

Kwa nyimbo na mpangilio wa mistari vinafaa. Vikiingia jasho vinateleza, na chini yake ni zege lilelile linalowaumiza. Mazoezi ya kuruka pelekeni ufukweni maji yakipwa, pale mchanga ulipo bado mbichi na mgumu.