Tuandikeje maisha ya babu aliyeishi kwa jembe na kahawa?

Mjukuu wa Kihambani aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu. Babu yetu mzaa baba alitutoka mwaka jana akiwa na umri wa miaka inayokaribia 90, katika kijiji kimoja cha Uru, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, mahali alipozaliwa na ambapo hakuwahi kuhama. Ukoo umenikabidhi kazi ya kuandika maisha yake ili yasomwe siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, palepale kihambani (shamba la ukoo la migomba na kahawa linalozunguka nyumba) alipozikwa. Nimeipokea kwa moyo wote, kwa sababu wasifu uliosomwa siku ya mazishi uliniuma: ulitaja kuzaliwa, kubatizwa, kuoa, idadi ya watoto na wajukuu, kisha ugonjwa, na kazi ya miaka zaidi ya sabini ikapewa maneno manne tu, “alikuwa mkulima hodari sana”.

Mimi nililelewa naye. Namkumbuka akiamka gizani kuwakatia ng'ombe wa zizini majani na vigogo vya migomba, akizoa samadi na kuitandaza kwenye mashina ya migomba na mibuni, kisha akitoka na jembe begani kwenda kuutazama mfongo (mfereji wa maji). Alipokuwa akipiga mrututu, ile dawa ya shaba, ili kuzuia chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, shati lake la kazi lilibaki na madoa ya buluu ambayo bibi alishindwa kuyatoa kwa sabuni yoyote. Mvua za masika zilipokaribia alishuka tambarare kwa miguu kupanda mahindi, na jioni akaupanda tena mlima akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, ingawa kwetu mzigo huo huhesabiwa kuwa wa wanawake.

Nimekwama mahali pawili. Babu hakuacha maandishi yoyote isipokuwa mkebe wa biskuti uliojaa stakabadhi za kahawa za chama cha msingi (chama cha ushirika cha kijiji), na hata mwaka wake wa kuzaliwa una utata, kwani baba anasema ni 1931 na shangazi anasema ni 1934. Lakini lililo gumu zaidi linamhusu shangazi mwenyewe. Yeye aliachishwa shule baada ya darasa la nne ili asaidie kuchuma na kuanika kahawa, na kaka zake wawili wakasomeshwa sekondari kwa fedha za kahawa hiyohiyo. Ameniomba jambo hilo liandikwe. Baba mdogo amekataa kabisa. Naomba ushauri wa waliowahi kuandika maisha ya wazee wao.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Nitajibu kuhusu miaka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa ajili ya baba yangu mzazi.

Nenda kwanza parokiani au usharikani ukaombe kuangalia kitabu cha ubatizo, maana misheni za mlimani zina vitabu vya zamani kuliko ofisi nyingi za serikali. Kama alibatizwa akiwa mtoto mchanga, umepata jibu; kama alibatizwa akiwa mkubwa, angalau utapata jina la msimamizi wake, na huenda watoto wa msimamizi huyo wakawa na habari. Baadaye waulize wazee wa rika lake kwa kutumia matukio, usiwaulize kwa tarakimu. Muulize mzee kama babu alikuwa amezaliwa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilipoundwa mwaka 1933, kama alikuwa na akili ya kukumbuka fujo za kahawa za 1937, kama alikuwa ameoa wakati Thomas Marealle aliposimikwa kuwa Mangi Mkuu (chifu mkuu wa Wachagga) mwaka 1952, na alikuwa na watoto wangapi Mwenge ulipowashwa kileleni usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Ukipata majibu matatu yanayokubaliana, utata wa miaka mitatu hautakusumbua tena, na unaweza kuandika kwa uaminifu kwamba alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Mkebe huo wa stakabadhi, tafadhali, usiuchukulie kama karatasi chakavu. Zipange kwa mwaka, uandike kilo na fedha, kisha ziweke pembeni mwa mambo ya nyumbani. Baridi kali iliua mibuni ya Brazili mwaka 1975, na bei ya dunia ikapanda sana katika misimu iliyofuata. Kama nyumba ya babu iliezekwa bati miaka hiyo, umejua bati lilitoka wapi. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kuja kurudishwa kwa sheria ya 1982, kwa hiyo usishangae stakabadhi zikibadilika sura katikati. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulianguka na bei ikaanguka nao, na hapo wakulima wengi wakaiacha mibuni yao ikageuka kichaka. Angalia babu alipeleka kilo ngapi chamani katika miaka hiyo mibaya. Mtu anayeendelea kupogoa mibuni wakati kahawa hailipi hata gharama ya dawa anakueleza tabia yake kuliko sifa yoyote utakayomwandikia.

Binti wa Umatengo alijibu:

Pole sana, ndugu yangu. Mimi natoka Mbinga, mkoani Ruvuma, nako ni kahawa na milima, na nilipoandika juu ya babu yangu nilikutana na swali linalofanana na la shangazi yako.

Kwetu kuna kilimo cha ngoro, ambacho watu hupenda kukitaja kama kazi ya babu zetu. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza shambani kwa mistari inayokatana hadi miraba itokee, halafu wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo, hivyo yanabaki mashimo yanayozuia maji yasiporomoshe ardhi, na matuta ambayo juu yake hupandwa maharage na baadaye mahindi. Niliandika rasimu yangu ya kwanza nikisema kwamba babu “alilima ngoro” kwenye mteremko mzima ulio nyuma ya nyumba. Bibi alinisikiliza nikimsomea, akanyamaza, kisha akauliza ni nani aliyechimba yale mashimo. Niliona aibu, nikaiandika upya sehemu hiyo, na sikumpunguzia babu chochote, kwa sababu panga lake lilitangulia jembe la bibi kila mwaka na hakuna aliyeweza kumaliza shamba lile peke yake.

Kwa hiyo mimi nasema jambo la shangazi liandikwe, lakini ndani ya maelezo ya kazi, si kama shtaka linalokuja mwishoni. Kahawa huchumwa ikiwa nyekundu, humenywa siku ileile kwa mashine ya mkono, huchachushwa, huoshwa, kisha huanikwa kwenye vichanja na kugeuzwa mara nyingi kwa siku. Eleza ni mikono ya nani ilifanya hayo yote katika mji wa babu yako, na msikilizaji atamwona shangazi akiwa kichanjani bila wewe kupaza sauti.

Mzee wa Tambarare alijibu:

Naheshimu maneno ya dada hapo juu, ila siafiki yote. Kumbukumbu ya mwaka ni siku ya ukoo kukaa pamoja na majirani, na marehemu hana nafasi ya kujibu. Katika miaka hiyo nafasi za masomo ya juu zilikuwa chache mno na wazazi wengi waliamua vilevile, jambo ambalo halimfanyi babu kuwa mtu mbaya. Kama ni lazima lisemwe, basi kijana asiliseme yeye. Shangazi yupo, ana umri na heshima ya kutosha, na alisemee mwenyewe.

Nikuombe pia usiusahau mfongo, kwa kuwa umeutaja kwa neno moja ukapita. Kahawa haioshwi bila maji, na maji hayaji kihambani bila watu kupanda hadi kwenye banio (mahali maji ya mto yanapoelekezwa mfongoni), kuzibua matope baada ya mvua, na kulinda zamu ya usiku. Waulize waliokuwa na babu yako kwenye zamu hizo.

Mjukuu wa Kihambani alijibu:

Nawashukuru sana. Jumamosi iliyopita nilizipanga stakabadhi sakafuni pamoja na shangazi, naye alizitambua nyingine kwa msimu hata kabla ya kusoma tarehe. Msimu wa 1990 babu alipeleka kilo chache kuliko mwaka wowote uliotangulia, lakini hakuna mwaka hata mmoja ambao hakupeleka kabisa.

Wazee wawili wa mfongo nimewapata. Mmoja ameniambia kwamba babu alipokuwa msimamizi wa zamu, aliwahi kujinyima maji yake mwenyewe wiki nzima ili jirani mjane aoshe kahawa yake kwanza, habari ambayo hata baba hakuwa nayo.

Kuhusu shangazi, nilimweleza ushauri wa Mzee wa Tambarare, akaupenda. Mimi nitasoma sehemu ya mibuni, mfongo na tambarare, na nitakapofika kwenye vichanja nitamwachia yeye asimulie. Baba mdogo bado hajaridhika, ingawa jana alinipigia simu kuuliza kama kwenye mkebe kuna stakabadhi ya mwaka aliolipiwa ada ya kidato cha kwanza. Ipo. Nimemwekea.