MREJESHO: Plagi inayoshika masizi, pikipiki ya cc 125

Wakuu, niliuliza kama nitoe plagi ya NGK (kampuni ya plagi) namba D8EA niweke D7EA, maana plagi ilikuwa nyeusi na injini inakosa moto. Sikubadilisha namba, na tatizo limekwisha.

Masizi yalikuwa makavu kama ya sufuria ya kuni, yaani petroli imezidi hewa. (Yangekuwa na unyevu wa oili, ningeanza na ringi za pistoni na sili za vali.) Chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi, na choki (kizibo kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha injini baridi) hairudi hadi mwisho. Chujio jipya, choki ikalainishwa, basi.

Kwa NGK namba ndogo ndiyo plagi ya joto zaidi, yaani ncha yake hubaki na moto mwingi. Plagi za Bosch ni kinyume, msichanganye. D7EA ingechoma masizi kweli, lakini ukibeba mzigo mlimani inaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati na kutoboa pistoni. Ingeficha ugonjwa tu.

Kufunga: injini iwe baridi, nafasi ya cheche 0.6 hadi 0.7 mm, spana ya 18. Ingiza kwa vidole hadi ikae, kisha nusu mzunguko kwa plagi mpya. Iliyokwishatumika washa yake (ile ringi ya chuma kwenye shingo ya plagi) imeshabanwa, kwa hiyo ikaze kidogo tu, usije ukaua uzi wa hedi (kichwa cha injini plagi inapoingia). Uzi wa D8EA ni 12 mm kwa urefu wa 19 mm. Plagi fupi huacha uzi wa hedi wazi, kaboni inajaa humo.

Sasa ncha ina rangi ya kahawia hafifu.