MJADALA: Mechi 6, pointi 6. Kocha aondoke sasa au tumuache mpaka mzunguko wa kwanza uishe?

Wakuu, tangu tufungwe 2-1 ugenini Jumamosi, huku Arusha hakuna kinachoongelewa ila kocha. Wapo wanaotaka apewe barua leo leo, wapo wanaosema ligi bado mbichi. Jina la timu silitaji. Anayefuatilia Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, anajua naiongelea ipi, na asiyefuatilia ataielewa hoja bila jina.

Kwa waliokuwa safarini, matokeo ni haya. Tulianza ugenini tukafungwa 1-0, bao la dakika ya 83. Tukasafiri tena, sare ya 1-1. Tukarudi nyumbani, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, tukashinda 2-0, watu wakaimba mpaka soko la Kilombero. Halafu 0-0 ugenini, 1-1 nyumbani, na hiyo ya Jumamosi. Ushindi mmoja, sare tatu, vipigo viwili.

Ukiangalia msimamo tu, hali ni mbaya na sitaipamba. Ligi ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30. Wawili wa juu wanapanda moja kwa moja, na chini yao kuna mchujo ambao mwisho wake ni kukutana na timu ya Ligi Kuu inayopigania roho yake. Ukitaka kuwa salama kwenye hesabu za kupanda, lenga wastani wa pointi mbili kwa mechi, yaani 60. Sisi tuna 6. Zimebaki mechi 24 zenye pointi 72, na kufikia 60 tunahitaji 54 kati ya hizo. Huo ni mwendo wa bingwa, sio wa timu inayotafuta miguu yake.

Lakini msimamo wa mechi sita unasema uongo mwingi. Mechi nne kati ya sita tumecheza ugenini, na ugenini ya ligi hii mnaijua: basi siku nzima, kulala nyumba ya wageni ya bei poa, kesho yake saa kumi jioni uko kwenye nyasi ambazo hujawahi kuzikanyaga. Anayetuzidi pointi nne leo huenda mechi zake nyingi amecheza nyumbani. Tumsubiri naye aanze kupanda basi.

Sasa kitu ambacho naona watu wanakiruka. Tumeruhusu mabao matano. Manne kati ya hayo yameingia kuanzia dakika ya 79 kwenda mbele: la 83 mechi ya kwanza, la 88 kwenye sare ya nyumbani, la 79 na la dakika za nyongeza Jumamosi. Yafute hayo manne uone: mechi ya kwanza inakuwa sare, ile ya nyumbani tunashinda, Jumamosi tunashinda. Zingekuwa pointi 12 kwa mechi sita, hizo hizo mbili kwa mechi. Kwa dakika 75 sisi ni timu ya kupanda daraja. Robo saa ya mwisho sisi ni timu ya kushuka.

Hiyo sio bahati mbaya. Mara moja ni bahati, mara nne ni pumzi na benchi. Waliokuwa uwanjani kwenye ile 1-1 waliona beki wetu wa kushoto alivyokuwa kuanzia dakika ya 80: kila mpira ukitoka nje ameinama, mikono kwenye magoti, anamtazama mwamuzi wa pembeni kama anamwomba maji. Nyuma ya goli, dogo mmoja wa akiba alikuwa anapasha na kizibao chake, anakimbia huku na huku, anageuka kutazama benchi. Hakuitwa. Kocha akaingiza kiungo mkabaji, akamtoa winga, tukapaki basi. Dakika ya 88 krosi ikapita upande ule ule wa kushoto, beki kachelewa hatua mbili, kichwa, wavuni.

Je, hilo ni kosa la kocha? Nusu. Kumuacha yule beki uwanjani ni lake, na mabadiliko matano yapo ili yatumike. Ila pumzi hainunuliwi Septemba. Timu iliingia kambini imechelewa, usajili ulifungwa kwa kukimbizana, kuna wachezaji waliojiunga mazoezini ligi ikiwa mlangoni. Kwa hilo kocha hana saini. Uongozi ndio una saini.

Na historia inatuonya tusikimbilie kuhukumu, kwa wema au kwa ubaya. Hull City walipanda Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2008/09, mechi tisa wana pointi 20, dunia nzima inawasifu. Walimaliza wa 17 na pointi 35, wakapona kushuka kwa pointi moja tu. Hapa kwetu tuna Kitayosce, waliokuwa wa hapo Kilimanjaro kabla ya kuwa Tabora United. Agosti 2023 mechi yao ya kwanza Ligi Kuu dhidi ya Azam waliingia uwanjani wakiwa wanane kwa sababu ya mambo ya usajili, mechi ikavunjika mapema wakiwa nyuma 4-0. Mngeulizwa siku ile, nani angesema watabaki? Wakabaki, kupitia mchujo mbele ya Biashara United.

Msimamo wangu: kocha abaki mpaka mechi ya 15, maana hapo kila timu tutakuwa tumeshakutana nayo mara moja. Karibuni, ila njooni na hoja. Matusi pelekeni kwenye magrupu yenu.

Mdau wa Sakina:
Mkuu umeandika vizuri ila umechagua mifano inayokufaa. Mbona hujawataja Nottingham Forest? Msimu wa 2021/22, daraja la pili la Uingereza, mechi saba pointi moja, wako mkiani. Wakamfukuza Chris Hughton Septemba hiyo hiyo, wakamleta Steve Cooper, Mei wakashinda fainali ya mchujo Wembley 1-0 dhidi ya Huddersfield na kupanda. Wangemsubiri Hughton mpaka mechi ya 15 wangekuwa wanaongelea kushuka. Subira huvuta heri ni maneno ya harusini. Kwenye mpira subira inavuta mkia wa msimamo.

Na hilo la pumzi unamtetea bure. Kama anajua vijana wake wanakata moto dakika ya 75, kwa nini anaanza kwa kukimbiza mpira juu, kwenye nusu ya wapinzani, kama ana mapafu ya kukodi? Kocha mwenye akili anapanga mchezo kwa pumzi aliyonayo.

Mdau wa Unga Limited:
Mimi nasema aondoke, Jumamosi kanichania mkeka uliokuwa umebakiza mechi moja. Sina hoja nyingine.

Mdau wa Njiro:
Tuongelee na uwanja basi. Timu inayotaka kucheza pasi za chini inacheza nyumbani kwenye uwanja ambao leo ni mpira, kesho ni sherehe. Mei Mosi ya kitaifa 2024 pale, Siku ya Wanawake 2025 pale, na bado timu zaidi ya moja zinautumia kwa ligi. Majukwaa na mahema yakishapangwa kwenye nyasi, pasi ya mita kumi inaruka kama chura. Labda ule wa watu 30,000 unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027 utatupunguzia msongamano, ingawa sijui timu ya daraja letu itaruhusiwa kuugusa lini. Kocha yeyote mtakayemleta atacheza hapo hapo.

Mdau wa Moshi:
Poleni majirani. Mimi nipo katikati, ila kuna kitu wote hamjakigusa: hela. Sisi huku tuliishi na Polisi Tanzania pale uwanja wa Ushirika ikiwa Ligi Kuu, ikashuka 2023 pamoja na Ruvu Shooting. Ile ni timu ya taasisi. Ikishuka, mchezaji bado ana mshahara wake. Timu yenu ya wananchi inaishi kwa kiingilio na mfuko wa mtu mmoja au wawili.

Timu za namna hiyo hela zinakuwepo mwanzo wa msimu. Dirisha dogo likifunguliwa Desemba, mfadhili kachoka, posho zinachelewa, wachezaji wawili wazuri wanachukuliwa na wenye nazo. Kwa hiyo pointi za Septemba na Oktoba kwa timu masikini zina thamani kuliko za Machi, kwa sababu Machi hutakuwa na timu hii uliyonayo leo. Mkuu unasema tusubiri mechi ya 15. Mechi ya 15 ikifika, huyo winga wenu mtakuwa naye?

Mleta mada:
Mangi wa Moshi, umenigusa pabaya, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizoletwa hapa. Kweli, kwa timu kama yetu mwanzo wa msimu sio kupasha. Ndiyo akiba yenyewe. Lakini fuata hoja yako mpaka mwisho. Kumfukuza kocha mwenye mkataba ni kumlipa. Kumleta mwingine ni kumlipa tena, na atakuja na msaidizi wake, na cha kwanza atasema "hawa sio wachezaji wangu". Hela ya kumzuia winga asiondoke Desemba itakuwa imeishia kwenye barua mbili, ya kuaga na ya kukaribisha. Ukiwa na mia tano, unanunua kitu kimoja.

Mdau wa Sakina, Forest walikuwa na kikosi kamili na hela ya kukiongeza Januari. Na sisi tatizo letu halifanani na lao: wao walikuwa wanafungwa, sisi tunaongoza halafu tunaachia. Ila hilo la kubana mpira juu nakuunga mkono. Tukiongoza 1-0 dakika ya 60 hakuna sababu ya kumkimbilia beki wao kwenye boksi lake. Hapo kocha ajibu.

Unga Limited, pole na mkeka.

Tufanye hivi ili tusizunguke. Mechi nne zijazo, tatu tuko nyumbani. Nikiona pointi nane kati ya 12, na nikiona mabadiliko yanaanza kabla ya dakika ya 65, siongezi neno. Tukipata chini ya sita, mada nyingine ya kutaka aondoke nitaifungua mwenyewe, mechi ya 15 au la. Wakati huo huo uongozi ulete mtu wa mazoezi ya viungo, hata wa muda, na utafute beki wa kushoto kabla ya kutafuta kocha, maana huyu tuliye naye hawezi kucheza dakika 90 kila wiki mpaka Mei.

Na wanaosema "kocha out", kila mmoja aweke na jina la anayemtaka, ambaye hana timu sasa hivi na atakubali mshahara wa kwetu. Sakina, anza wewe.