Faili la HAR la mteja: fomu inakwama sekunde 60, naanzia wapi kulisoma?

MwanaNgarenaro
Wakuu habari. Nina tovuti ya kampuni ya utalii, ofisi yao iko Moshi, seva iko Ujerumani, mbele Nginx (programu inayopokea maombi), nyuma PHP (msimbo unaoyashughulikia). Kuna fomu ya kuulizia bei ya kupanda Kilimanjaro. Wao wakibonyeza "Tuma" inazunguka weee mpaka inatoa kosa. Mimi hapa Arusha inapita ndani ya sekunde 2. Nimewaomba wafungue F12, warekodi, wanitumie faili la HAR, yaani rekodi ya maombi ya brauza na majibu yake. Limekuja la MB 31, maombi 118. Nimeliburuta kwenye kichupo cha Network cha Chrome likafunguka, ila sijui kipi ni ugonjwa na kipi ni kelele. Ninachoona:

POST ya fomu: blocked 4, dns -1, connect -1, wait 60012, receive 1, jibu 504 (seva imechelewa kujibu). Ziko tatu za namna hiyo.
Picha 42, zote blocked kati ya 3000 na 9000.
Mstari mmoja wa hali 0.

Meneja wao anasema ni mtandao wa Moshi. Ni kweli?

FundiNjiro
Mkuu, mtandao wa Moshi hauna kesi hapa.

Namba hizo ni milisekunde. Hizo -1 zisikutishe, maana yake hatua hiyo haikuhitajika, muunganisho ulikuwa tayari umefunguliwa na maombi ya kabla. Angalia wait: ombi limeshafika seva, brauza inasubiri baiti ya kwanza ya jibu. Mtandao wa mteja ukiwa mbovu, utauona zaidi kwenye dns, connect au receive. Na ukijumlisha usihesabu ssl mara mbili, imo ndani ya connect.

Halafu 60012. Kazi nzito ya kweli haiishii kwenye sekunde 60 kamili mara tatu mfululizo. Hiyo ni saa ya mtu imelia: fastcgi_read_timeout, muda ambao Nginx inaisubiri PHP, ambayo usipoigusa ni sekunde 60. Utajiuliza mbona PHP yenyewe haikukata kwenye sekunde 30. Kwenye Linux, max_execution_time (kikomo hicho cha PHP) haihesabu muda PHP inaposubiri mtandao au hifadhidata. Kwa hiyo kuna kitu cha nje inachokisubiri. Mshukiwa wangu wa kwanza ni barua pepe. Kampuni nyingi za kukodisha seva hufunga lango 25, ambalo seva hutumiana barua pepe, na pakiti zikimezwa kimya kimya hakuna anayekwambia "nimekataa". PHPMailer (maktaba ya PHP ya kutuma barua pepe) ikiachwa ilivyo husubiri hadi sekunde 300. Ingia kwenye seva upime kama lango linafunguka, piga `nc -vz -w 5` ukifuatiwa na jina la seva ya barua pepe na lango mnalotumia.

Tafadhali usipandishe hiyo 60 iwe 300. Utamfanya mteja asubiri dakika tano apate kosa lile lile.

Kiboriloni_Mtandaoni
Naongezea kuhusu picha, maana huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Tazama safu ya Protocol. Ikiwa http/1.1, Chrome hufungua miunganisho 6 tu kwa kila domeini, hivyo picha 42 zinapanga foleni, na foleni ndiyo hiyo blocked. Washa HTTP/2 kwenye Nginx, yenyewe hupitisha maombi mengi kwenye muunganisho mmoja. Halafu linganisha ukubwa wa picha na kisanduku inamokaa, utakuta picha ya Kibo ya MB 4 imebanwa kwenye upana wa pikseli 400.

Ile hali 0, bonyeza mstari wenyewe. Ikiandikwa ERR_BLOCKED_BY_CLIENT ni kiendelezi cha kuzuia matangazo, achana nayo. Siku nyingine warekodi kwenye dirisha la faragha, na waweke alama kwenye Preserve log kabla ya kufungua ukurasa, la sivyo ukurasa ukihama kumbukumbu inafutika.

Kingine cha saa: startedDateTime (muda ombi lilipoanza) yenye Z mwishoni ni saa za UTC. 11:20Z ni saa nane na dakika ishirini mchana kwetu. Watu wanapekua logi za seva saa tatu nje ya tukio halafu wanasema hakuna kosa.

DadaWaSakina
Samahani, faili hilo limekuja kwa njia gani? Kama ni kwenye grupu la WhatsApp, lifute. HAR inaweza kubeba kuki za kuingilia. Oktoba 2023 wadukuzi waliiba mafaili ya namna hii kwenye mfumo wa huduma kwa wateja wa Okta, kampuni ya huduma za kuingia kwenye akaunti, wakatumia vipindi (sessions) vilivyokuwa hai bila kuhitaji nywila. Tangu Chrome 130, ukihifadhi kwa kawaida huondoa vichwa vya Cookie, Set-Cookie na Authorization. Ila yaliyojazwa kwenye fomu hubaki ndani ya postData: majina, simu, hata nywila. Lifungue kwa kihariri cha maandishi ukague kabla ya kumpa mwingine.

MwanaNgarenaro
Ilikuja kwangu peke yangu, nashukuru dada. Hiyo postData imenifungua macho. Nimerekodi HAR yangu nikazilinganisha: ya kwao ina `tuma_ratiba=1`, yangu haina. Wao wanaweka alama kwenye "nitumiwe ratiba kwa barua pepe", mimi siku zote naruka. Na `nc` kwenye lango 25 imekaa kimya mpaka sekunde 5 zikaisha.

FundiNjiro
Basi hamia lango 587 lenye kuingia kwa nywila, na Timeout ya PHPMailer iweke sekunde 10. Hifadhi ombi kwenye hifadhidata, mjibu mteja hapo hapo, barua pepe itumwe baadaye na cron (kipangaji cha kazi za seva) kutoka kwenye foleni. Zima kitufe cha "Tuma" kikishabonyezwa. Zile POST tatu ni mtu mmoja anabonyeza kwa hasira, na Nginx ikikata, PHP nyuma huweza kuendelea na kazi. Angalia jedwali la maombi, huenda kuna mgeni mmoja kaingia mara tatu na ofisi inamwandalia bei ya watu watatu.