Tupeane uzoefu: uliwahi kuacha orodha ya malengo ukashika neno moja la mwaka?

Mleta mada
Wakuu, heri ya mwaka mpya. Jana nilikuwa natafuta kadi ya kliniki ya mtoto nikakutana na daftari la 2022. Ukurasa wa kwanza malengo 14, nimeyapigia mstari kwa rula. Akiba, mazoezi, Kiingereza, nyumba. Lililotimia ni moja.

Mwaka jana sikuandika orodha. Nilichukua neno KUMALIZA, basi. Pagale langu la Chanika lilikuwa limesimama kwenye linta tangu 2019, mpapai umeota sebuleni. Kila nikipata laki mbili naanzisha kitu kingine, mara kuku, mara kiwanja cha pili cha kulipia kidogo kidogo. Neno likawa linaniuliza kila hela ikiingia: hii inamaliza au inaanzisha? Tarehe 20 Desemba nimepaua. Ule mpapai nimeukata mwenyewe kwa panga, ulikuwa na matunda manne.

Nyie mlichagua neno gani, na mlilishikaje hadi mwisho?

Boda wa Mbagala
Langu POLEPOLE. Nimeliandika kwa rangi kwenye tangi la mafuta, maana kwenye foleni ndipo macho yanaposhuka. Vijana wakiliona wanatafuta boda nyingine. Kina mama wenye watoto wananipigia simu niwafuate. Mwaka mzima sijaanguka, alhamdulillah.

Mkesha31
Sisi neno la mwaka tunapewa kanisani usiku wa mkesha. La kujichagulia mwenyewe chumbani linatoka kwa nani?

Mtu wa Tanga
Mkuu Mkesha, na wengine mwaka wetu unaanza Muharram. Kila mtu na nia yake. Mada ni uzoefu, tuendelee.

Mkesha31
Sijamzuia mtu. Nimeuliza tu.

Mzee wa Njombe
Vijana mnadhani hili ni jambo geni. Nchi hii imelelewa na maneno. Mwaka 1972 ilitoka Iringa "Siasa ni Kilimo", na baada ya ule ukame wa 1973 na 1974 ikaja "Kilimo cha Kufa na Kupona". Majirani zetu Kenya walikuwa na Harambee, Moi alipoingia 1978 ikawa Nyayo. Sisemi yote yalizaa matunda. Nasema nilikuwa mtoto wa shule na hadi leo nayakumbuka, kwa sababu ungeweza kulitamka huku jembe liko mkononi. Hotuba zilizoambatana nayo sikumbuki hata moja.

Dada wa Kisauni
Shikamoo mzee. Huku kwetu Pwani kanga ndiyo hufanya kazi hiyo. Kila Januari nanunua doti moja, nachagua jina kwanza, rangi baadaye. Mwaka nilioachwa nilichukua "Usisafirie nyota ya mwenzio". Moja nilijifunga, moja niliifanya pazia la chumba. Ukiamka unalisoma, utake usitake.

Fundi Cherehani
Langu lilikuwa HAPANA. Niandike tu, labda litamfaa mtu.

Mimi nilikuwa mtu wa ndiyo. Mwaka juzi kaka yangu, tumbo moja, alikuja na mkopo wa kausha damu, laki tano, rejesho kila siku. Anataka mdhamini. Nilisaini karatasi ikiwa juu ya kiti cha pikipiki, hata sikuisoma. Wiki ya tatu akazima simu.

Wakaja watu wanne na kirikuu, saa tatu asubuhi, wateja wangu wawili wamekaa wanasubiri sare za watoto. Wakabeba friji. Wakabeba televisheni. Halafu mmoja akashika cherehani. Chini ya sindano kulikuwa na shati la shule, mkono mmoja umeshonwa. Nikamwomba anisubiri nilitoe. Akalivuta, uzi ukakatika, akanitupia. Mtaa mzima uko nje unatazama. Lile shati nililimalizia usiku kwa mkono, kwa tochi ya simu, maana shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake.

Januari iliyofuata nikaandika HAPANA kwa chaki nyuma ya mlango. Mwezi wa tatu kaka akarudi, safari hii na mama. Mama akasema, "Mwanangu, sasa nakuomba mimi, si yeye." Nikawa naangalia ule mlango. Nikamjibu, "Mama, shida yako wewe nitaibeba. Kusaini, hapana." Akaondoka, chai yake akaiacha mezani haijaguswa. Miezi minne hakupokea simu yangu. Wakuu, siku ya kirikuu ilikuwa nafuu kuliko hiyo miezi minne.

Mama Wawili
Nimesoma machozi yananilenga. Pole sana dada.

Kigogo cha Mwembe
Mimi sikubaliani naye. Mzazi akishakuomba kwa mdomo wake, unasaini. Machozi ya mama si kitu cha kuchezea.

Boda wa Mbagala
Machozi ya mama yanalipa rejesho? Umewahi kuona kirikuu mlangoni kwako?

Kigogo cha Mwembe
Nimeona makubwa kuliko hayo. Ndugu ni ndugu.

Mtu wa Tanga
Basi mdhamini wewe, namba ya kaka yake tutaitafuta.

Mleta mada
Jamani, taratibu. Turudi: mnalishikaje hilo neno?

Mama Wawili
Usimwambie mtu. Wakilijua wanakupima nalo.

Saa Mbili Usiku
Mimi naona kinyume chake, mwambie mwenzio. Langu lilikuwa NYUMBANI. Nilimwambia mke wangu, basi ikifika saa mbili ananitumia meseji ya hilo neno moja, hana swali wala lawama. Nanyanyuka kijiweni.

Kipande
Lifanyeni neno la siri la simu, mtaliandika mara hamsini kwa siku. Na kama umekosa kabisa, chagua PESA, mengine yatajipanga.

Dada wa Kisauni
Fundi, na mama je? Na cherehani ulipata nyingine?

Fundi Cherehani
Mama alikuja mwenyewe mwezi wa nane, na kuku wa kienyeji kwenye kikapu. Hakulizungumza, na mimi sikumuuliza. Tulimpika yule kuku. Cherehani nilinunua Novemba, mtumba, Kariakoo, laki mbili na nusu. Inashona vizuri, ila ikifika kwenye jinzi inagonga kidogo.